Waliotoka Kumlaki Paulo

Somo: Matendo ya Mitume 28:1–15



Jumapili iliyopita, baada ya ibada, tulibaki kanisani na jamaa ya binti mmoja wa parishi yetu, hapa karibu na Malaba. Binti huyu amepata kazi katika mji wa Roma, nchini Italia, ya kumtunza mama mmoja mzee. Viza imetoka. Ng'ombe wawili wameuzwa, na shangazi zake wamechanga nauli iliyopungua. Siku ile tulizungumza mengi: baridi ya huko, lugha, mshahara, na ni lini ataanza kutuma fedha. Mzee mmoja alikuwa amekwisha kutaja mabati ya nyumba yake. Tukacheka, tukaomba, tukasimama ili tuagane. Ndipo binti akauliza, "Mchungaji, huko nitasali wapi?"

Hatukuwa na jibu.

Sisi watu wa mpakani twadhani twajua kusafiri. Hata jina la boda boda, wasema, lilizaliwa huku kwetu, wenye baiskeli walipokuwa wakiwavusha watu kati ya Kenya na Uganda. Tangu mwaka 2014 mwenye kitambulisho cha taifa huvuka bila pasipoti. Msamia wa Busia akivuka humkuta shangazi yake upande wa pili, na Mteso wa Malaba humkuta mjomba. Hunywa chai, hurudi jioni. Hiyo ni kutembeleana, ndugu zangu. Anayekwenda Italia ataishi kwa kuhesabu siku za kibali chake cha kukaa, na kununua chumvi dukani kutamtoa jasho mpaka ajue kuitaja.

Hapo ni lazima tuungame jambo. Miaka michache iliyopita kijana mwingine wa kwetu alikwenda nchi hiyo hiyo. Tulimwekea mikono mbele ya madhabahu, na machozi yakatutoka. Baada ya hapo tulimpelekea habari gani? Karo ya mdogo wake. Mazishi ya babu. Harambee ya paa la kanisa, na hiyo tuliiandika sisi wenyewe wa halmashauri ya kanisa. Alituma mara tatu, kisha akanyamaza. Tukasema Ulaya imemlewesha, amesahau kwao. Mama yake ndiye aliyetuambia baadaye kwamba miezi ile ya kimya hakuwa na kazi, alikuwa akilala chumba kimoja na watu saba, na aliona haya kutuambia. Hakuna aliyekuwa amemwuliza hali yake.

Sasa mtazame Paulo. Alifika nchi zile akiwa mfungwa, merikebu imevunjika, nguo zimelowa. Watu wa kisiwa cha Melita, yaani Malta, hawakumjua, wala hawakuwa wa imani yake. Waliwasha moto kwa sababu ya mvua na baridi, wakamkaribisha yeye na wenzake wote. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo Luka ameona vema kutuandikia.

Halafu akaendelea na safari ya Roma. Ndugu wa Roma waliposikia, walitoka kumlaki, wengine mpaka Mikahawa Mitatu, wengine mpaka Soko la Apio. Kutoka Roma hadi Soko la Apio ni zaidi ya kilomita 60, karibu kama kutoka hapa Malaba kwenda Webuye, na hapakuwa na matatu. Paulo alipowaona alimshukuru Mungu, moyo wake ukapata nguvu. Mtume mkubwa naye alihitaji kuona uso wa mtu aliyemngojea!

Walimjuaje? Alikuwa amewaandikia barua kabla. Fungueni sura ya 16 ya Waraka kwa Warumi, mtaona kwamba barua ile inaanza salamu zake kwa kumtambulisha mwanamke, Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, katika nchi ya Ugiriki. Paulo awaomba wampokee na kumsaidia kwa lo lote atakalohitaji. Fibi hakutumwa mikono mitupu. Kijana wetu tulimtuma hivyo.

Wazee wa Malaba wanaweza kukumbuka mwaka 1972. Mwezi wa Agosti mwaka ule Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Treni zilizowachukua baadhi yao kutoka Kampala kwenda Mombasa zilipita katika reli hii hii yetu. Wengi wa waliofukuzwa walikwenda Uingereza. Wale wasiokuwa na uraia wa nchi yo yote, Umoja wa Mataifa uliwatafutia mahali pa kukaa kwa muda, na miongoni mwa nchi zilizowapokea zilikuwamo Italia, Hispania na Malta. Kisiwa kile kile kilichomwashia Paulo moto! Na huko Roma kwenyewe, chini ya kanisa la Mtakatifu Paulo la ushirika wetu wa Anglikana, kiko kituo cha wakimbizi chenye jina la Mganda, Joel Nafuma. Yeye mwenyewe alikuwa mkimbizi, naye aliwahudumia wakimbizi wenzake mahali hapo. Mtu wa ng'ambo yetu tu hapa.

Na sisi? Madereva wa malori hulala barabarani hapa Malaba, msururu ukiwa mrefu hata siku mbili tatu. Twawauzia chai na kadi za simu. Je, tumewahi kumwuliza hata mmoja wao kama angependa kusali nasi?

Juma hili tumeandika barua. Tumeandika kwamba binti huyu ni mbatizwa, ameimarishwa na Askofu, anaimba vizuri, na ni mwoga kidogo mbele ya watu asiowajua. Tafadhali mmoja wenu amngojee mlangoni Jumapili ya kwanza. Umoja wa Akina Mama wameahidi kumpigia simu kila mwezi, na wamekubaliana kwamba kwa mwaka mzima hakuna atakayetaja fedha. Mzee wa mabati alinuna, lakini amekubali.

Kijana yule naye tumemwandikia, tukamwomba msamaha. Hatukutaja paa. Hajajibu bado.

Tuombe. Ee Bwana, uliyewatoa ndugu wa Roma kumlaki mtumishi wako njiani, umtoe mtu mmoja amlaki binti yetu. Umfikie na kijana wetu huko aliko, hata kabla barua yetu haijafika. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.