Mtoto Anajijuaje Kuwa ni Mvulana au Msichana?

(Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi, Busia)



Wazee wetu, mama zetu, na ninyi vijana ndugu zangu. Wako wanaoona mada hii ni nzito kuzungumzwa mbele ya watu, tena mwezi wa Ramadhan. Lakini tukinyamaza sisi, kijana ataenda kuuliza kwingine. Na hapa mpakani kwetu, kuanzia Busia mpaka Malaba, huko kwingine kuko karibu sana: kwenye simu, kwenye foleni ya matrela, kwenye gesti za kando ya barabara. Afadhali tuzungumze hapa, kwa heshima, mzazi na mtoto wakisikia maneno yale yale.

Swali lenyewe ni hili. Mtoto anazaliwa hajui hata jina lake. Miaka michache baadaye anakwambia bila wasiwasi, "Mimi ni mvulana," au "Mimi ni msichana." Amejuaje? Nani kamfundisha? Wanasaikolojia wamebishana juu ya jambo hili zaidi ya miaka mia moja. Hebu tuwasikilize, halafu tupime na yale tunayoyaona majumbani kwetu.

WATAALAMU WASEMAVYO

Wa kwanza kusikika sana ni Sigmund Freud, daktari wa Vienna, aliyeandika mwaka 1905. Kwa maoni yake, mtoto mdogo humwonea wivu mzazi mmoja kwa ajili ya mwingine, na mwishowe hujifananisha na mzazi wa jinsia yake. Leo wataalamu wengi hawaikubali nadharia hii kama alivyoiandika, kwa kuwa utafiti haukuithibitisha. Lakini alifungua mlango wa kuuliza.

Miaka ya 1960 huko Marekani, Albert Bandura na Walter Mischel wakasema: mtoto hujifunza kwa kuiga na kwa malipo. Akisifiwa, atarudia. Akichekwa, ataacha.

Mwaka 1966 Lawrence Kohlberg akaleta maelezo mengine. Alisema mtoto hangojei kufundishwa tu, bali anafikiri mwenyewe, hatua kwa hatua. Karibu na miaka mitatu anaweza kujitaja ni mvulana au msichana. Baadaye anaelewa kuwa mvulana akikua atakuwa baba, hatakuwa mama. Mwisho, kwenye miaka sita au saba, anaelewa kuwa mvulana akivaa leso bado ni mvulana. Kwa hivyo mzazi, mtoto wako wa miaka mitatu akijitanda buibui la mamake na kuzunguka nyumba nzima, usimpige wala usimwite majina. Anacheza, na akili yake bado iko safarini.

Mtasema haya ni ya Wazungu. Sivyo. Robert na Ruth Munroe na mwenzao waliwachunguza watoto wa Walogoli, jirani zetu wa Vihiga, pamoja na watoto wa Nepal, Belize na Samoa. Matokeo yalichapishwa mwaka 1984: kote huko watoto walipitia hatua hizo kwa mpangilio ule ule.

Halafu kuna Sandra Bem, mwaka 1981. Kwa maelezo yake, ni kama mtoto ana kabati kichwani lenye rafu mbili, ya kiume na ya kike, na kila anachokiona anakipanga. Angalieni hapa kwetu. Neno boda boda lilizaliwa kwenye mpaka huu, kwa vijana wa baiskeli waliovusha watu kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Mtoto anaona wanaume kwenye pikipiki, wanaume ndani ya matrela, na mama zake wamebeba mizigo ya sokoni. Hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha, lakini ameshapanga kabati lake.

KIJANA JIKONI

Wazazi wengine wanaogopa: "Nikimtuma mwanangu jikoni, si atageuka mwanamke?" Mwisho wa miaka ya 1960, Carol Ember aliwachunguza watoto wa Kijaluo pale Oyugis. Palikuwa na wavulana waliopika na kulea watoto kwa sababu nyumbani hapakuwa na dada wa kufanya kazi hizo. Utafiti wake wa mwaka 1973 ulionyesha kuwa wavulana hao walikuwa na ugomvi mdogo kuliko wenzao, na moyo zaidi wa kusaidia. Kazi ililainisha tabia. Na sisi tumesoma kwa Bibi Aisha kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake. Basi ndugu yangu, kuosha sufuria baada ya futari hakukupunguzii kitu.

JE, MALEZI YANAWEZA KILA KITU?

Hapa ndipo penye funzo chungu. Mwaka 1965 huko Winnipeg, Canada, walizaliwa mapacha wawili wa kiume. Mmoja aliharibiwa uume wake kwa ajali ya upasuaji akiwa mchanga. John Money, mwanasaikolojia wa Baltimore, aliamini kuwa malezi ndiyo yanayoamua. Akawashauri wazazi wamlee kama msichana, wasimwambie. Akapasuliwa, akavishwa magauni, akapewa jina la kike. Mtoto hakutulia hata siku moja. Alipoelezwa ukweli mwaka 1980, akiwa na miaka 14, alirudi kuishi kama mwanamume, akajiita David Reimer. Alifariki mwaka 2004 kwa kujiua, akiwa na miaka 38.

Mtoto si udongo wa kufinyanga vyovyote. Wataalamu wa leo wanasema mwili, akili na malezi hushirikiana, na hakuna nadharia moja inayomaliza maneno.

WALIOZALIWA HUNTHA

Wako pia watoto ambao mwili wenyewe hauko wazi wanapozaliwa. Kiswahili kinawaita huntha, neno la Kiarabu. Mafakihi wetu waliwajua zamani. Ibn Qudama, aliyefariki mwaka 1223, aliandika hukumu zao katika mirathi: huangaliwa njia ya mkojo, na kama haikubainika, husubiriwa alama za baleghe. Oneni hekima hiyo. Mtoto anapewa haki yake na anapewa muda. Hafichwi wala hatupwi.

Nchini Kenya, mtoto mmoja aliyezaliwa mwaka 2009 aliandikiwa alama ya kuuliza mahali pa jinsia kwenye karatasi za hospitali. Mamake akaenda kortini, na Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola akaitaka serikali iweke utaratibu wa watoto hawa. Sensa ya mwaka 2019 ikawahesabu kwa mara ya kwanza, wakapatikana 1,524. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 nayo inawataja na kuwapa haki ya heshima na matibabu.

NASAHA

Kwanza, mama ukijifungua mtoto wa namna hii, iwe Khunyangu, Malaba au kijijini, mpeleke hospitali upesi. Baadhi yao miili hupoteza chumvi, na wanaweza kufa katika wiki za mwanzo wakati dawa ipo. Msimfiche, na msikimbilie kumkata kabla vipimo havijafanywa.

Pili, wazazi, jibuni maswali ya watoto wenu kabla ya baleghe. Baba akae na mwanawe, mama na bintiye. Shangazi na mjomba pia wana kazi yao. Anayefokewa leo hatauliza kesho.

Tatu, vijana, acheni kumcheka mwenzenu kwa sauti yake, mwendo wake au mwili wake. Hakujiumba. Kicheko chako cha dakika moja yeye anaenda kulala nacho.

Na wewe kijana unayesoma haya huku una swali usilothubutu kulitamka, hauko peke yako. Mtafute mtu mzima mmoja unayemwamini, au daktari, umwambie. Kuuliza si dhambi.

Allah atukubalie saumu zetu, na awafanye watoto wetu wapate utulivu ndani ya nyumba zetu. Amin.

Wassalaam alaykum.