Mkono wa Mtoto na Sheria



Nimechagua jambo ambalo wazazi wengi hulinyamazia. Mtoto akikwama bega wakati wa kuzaliwa, mishipa ya fahamu itokayo shingoni kwenda mkononi huweza kuvutika au kukatika, mkono ukalegea. Duchenne wa Ufaransa aliyaeleza haya mwaka 1872, na Erb wa Ujerumani mwaka 1874, si uchawi. Wengi hupona katika miezi ya mwanzo. Asiyeweza kukunja kiwiko afikapo miezi 3 apelekwe kwa daktari bingwa, asingojewe.

Si kila jeraha ni kosa la mkunga. Bega hukwama hata mikononi mwa hodari. Mahakama huuliza kama alifanya yapasayo. Basi tunzeni kadi ya kliniki na karatasi za hospitali. Hapa Tanzania dai la namna hii lina muda wa miaka 3, ila kwa mtoto huhesabiwa tangu atimize miaka 18. Hospitali ikiwa ya Serikali (nami mtumishi wake nayasema wazi), hutangulia notisi ya siku 90. Asiye na fedha anayo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Hata hivyo mzazi asingoje hiyo miaka 18: mashahidi huhama, na karatasi huliwa na mchwa.