Kamera ya Bei Nafuu Mtandaoni: Mnunuzi Aitambueje Iliyo Halisi?



Katika kaunti hii wapo vijana wengi wanaojipatia riziki kwa kupiga picha za harusi, mahafali na matanga. Kwao kamera ni kama jembe kwa mkulima. Kijana anayechukua mkopo wa chama na kuuziwa kamera bandia hubaki na deni, na maharusi waliomwamini hukosa picha za siku isiyorudi tena.

Si kila kamera ya bei nafuu ni bandia, na wauzaji waaminifu wapo. Hata hivyo, kabla ya kutuma pesa, mnunuzi aangalie mambo manne.

Kwanza, megapikseli. Kamera ndogo ya shilingi elfu chache huweza kuandikwa megapikseli 48 au 64, ilhali kihisi chake hunasa picha ndogo ambayo programu huitanua. Faili huwa kubwa, lakini sura za watu hubaki na ukungu. Muuzaji aulizwe kihisi chenyewe kina megapikseli ngapi. Vilevile, zumu ya dijitali hukata picha na kuikuza tu. Zumu ya kweli hufanywa na lenzi.

Pili, nambari ya utambulisho. Iliyo kwenye kamera ilingane na ya boksi na ya risiti. Kama ni Canon, Nikon au Sony, wakala rasmi aulizwe kuihusu.

Tatu, picha ya majaribio. Muuzaji atume faili asilia kwa barua pepe, kwa sababu picha ikitumwa kwa njia ya kawaida ya WhatsApp hupunguzwa na maelezo yake hufutika. Faili asilia huonyesha aina ya kamera na tarehe. Maelezo hayo yanaweza kubadilishwa, kwa hivyo yasitegemewe peke yake.

Nne, memori kadi. Kadi bandia huandikwa GB 128 ilhali nafasi yake ni ndogo mno, na picha huharibika bila onyo. Ijazwe faili hadi mwisho, kisha zifunguliwe zote, kabla ya siku ya kazi.

Kuhusu malipo, ni salama zaidi kulipa baada ya kuikagua kamera mkononi. Muuzaji anayesisitiza atumiwe pesa kwanza atiliwe shaka.

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupata habari kuzihusu. Sheria ya Bidhaa Bandia ya 2008 nayo inaharamisha kuuza bidhaa hizo. Aliyelaghaiwa ahifadhi boksi, risiti, ujumbe wa M-Pesa na mazungumzo yake na muuzaji, kisha apige ripoti kwa polisi au kwa Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Bandia.

Kwa anayeanza kazi, kamera halisi iliyotumika na kukaguliwa ni afadhali kuliko mpya isiyojulikana ilikotoka. Rahisi ni ghali.