Fomu Zimejazwa, Mtoto Je?



Serikali zina desturi moja: mambo yakiharibika, huundwa tume. Leo nataka tuzungumze juu ya uchunguzi ambao serikali ya Uingereza imekuwa ikiuagiza kuhusu mustakabali wa huduma za ustawi wa jamii, hasa ulinzi wa watoto. Atakayeuliza yanatuhusu nini, naomba asubiri kidogo.

Wazazi wa Victoria Climbié, huko Ivory Coast, walimkabidhi binti yao kwa shangazi wa baba yake aliyekuwa akiishi Ulaya, ili akapate elimu. Nani kwetu hajaliona jambo hilo? Mtoto huenda kwa ndugu mwenye uwezo, na nyumbani watu wakashukuru. Aprili 1999 wakaingia London. Tarehe 25 Februari 2000 Victoria akafa, ana miaka 8, mwili una majeraha 128. Shangazi huyo na mwanamume aliyeishi naye walihukumiwa kifungo cha maisha.

Na mtoto huyo hakuwa amefichwa! Idara za ustawi, polisi na hospitali mbili zilimjua. Uchunguzi wa Lord Laming, uliotolewa mwaka 2003, ulihesabu nafasi zisizopungua 12 za kumwokoa zilizoachwa zipite, ukatoa mapendekezo 108.

Miaka iliyofuata kanuni ziliongezeka, kanuni zikazaa fomu, fomu zikaingia kwenye kompyuta. Tathmini ya kina ilikuwa imepewa siku 35 za kazi. Mkuu wa idara aliyetaka kujua kama kazi inakwenda alitazama siku, maana siku zinahesabika. Hofu ya mtoto haina safu yake kwenye fomu. Agosti 2007, katika eneo lile lile la Haringey, akafa Peter Connelly, mtoto wa miezi 17. Wahusika walikuwa wamemwona mara kama 60.

Mwaka 2010 serikali ikampa Profesa Eileen Munro kazi ya kuchunguza mfumo mzima. Ripoti yake ya Mei 2011 naiheshimu kwa jambo moja: badala ya kuongeza, ilitaka kupunguza. Alisema ofisa ameshughulishwa mno na kutimiza taratibu, hata hapati muda wa kukaa na mtoto na kumjua. Alitaka muda uliopangwa na serikali uondolewe, na ofisa arudishiwe nafasi ya kutumia akili na ujuzi wake.

Wako wanaosema hiyo ni kumwachia ofisa afanye atakavyo. Siafikiani nao. Ofisa wa kuaminiwa lazima afundishwe vizuri, awe na msimamizi mwenye uzoefu, na asirundikiwe familia nyingi kupita kiasi. Hayo yote ni fedha, na ripoti ile ilitoka wakati serikali ikibana matumizi. Kanuni zilipunguzwa kweli mwaka 2013. Fedha za halmashauri nazo zilikuwa zikipunguzwa!

Ikaja tathmini nyingine, ya Josh MacAlister, Mei 2022. Wakati huo watoto kama 80,000 walikuwa chini ya uangalizi wa serikali huko England. Akataka pauni bilioni 2.6 kwa miaka minne. Februari 2023 serikali ikajibu kwa pauni milioni 200, za miaka miwili.

Sasa turudi kwetu. Tanzania Bara ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na ndani yake ofisa ustawi wa jamii amepewa jukumu la kuchunguza taarifa za mtoto anayeteswa. Sheria sina ugomvi nayo. Mimi nauliza nauli. Asubuhi hii jirani akifika ofisini na kusema kuna msichana wa miaka 8 anaishi kwa shangazi yake, kijiji cha kilomita 40 kutoka hapo, na usiku husikika akilia: ofisa huyo ataondoka kwa gari gani, na mafuta yake yamo katika fungu gani la bajeti?