Kusaidia Maua ya Maboga kwa Mkono



Kila mwaka, mvua na ukungu vikizidi, husikika malalamiko yale yale: "Maboga yangu yametoa maua mengi, lakini vitunda vinageuka manjano na kuanguka." Wengine hudhani ni ugonjwa, wengine husema ni jicho la mtu. Mara nyingi si hayo. Ua limekosa chavua, yaani unga wa ua dume.

Mmea wa maboga una maua ya namna mbili. Ua dume lina kikonyo kirefu chembamba. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake. Madume hutangulia kuchanua, kwa hiyo yakipukutika msishtuke. Ua jike huchanua asubuhi moja tu, kisha hufumba. Kazi ya kulipelekea unga ni ya nyuki. Lakini kwenye baridi na mvua nyuki hatoki mzingani. Asubuhi ile ikipita bure, boga limepotea.

Mkulima aweza kuifanya kazi hiyo kwa mkono, bila gharama:

1. Jioni, tafuteni maua yatakayochanua kesho; ncha zake zimekwisha kuwa manjano. Yafungeni midomo kwa uzi, dume na jike, kwani unga ukilowa huharibika.

2. Asubuhi mapema, chumeni ua dume, mkabandue majani yake ya manjano ili kijiti cha katikati chenye unga kibaki wazi.

3. Fungueni ua jike, mpake unga huo taratibu pande zote za kichwa kilichomo ndani. Dume moja latosha majike mawili.

4. Lifungeni tena ua jike, mvua isiingie.

Baada ya siku chache, kiboga kikinenepa, kazi imefaulu. Kikinyauka, jaribuni ua jingine.

Mchumapo majani kwa mboga, msimalize maua dume. Wala msipulize dawa ya wadudu asubuhi maua yakiwa wazi, mtaua nyuki.

Msidhani huu ni mchezo. Mwaka 1841, katika kisiwa cha Réunion, Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12, alionyesha njia ya kuchavusha vanila kwa mkono. Hata leo wakulima wa vanila wa Bukoba na Uganda hufanya hivyo, ua kwa ua.

Boga lililokomaa vizuri hukaa ghalani miezi kadhaa, likawalisha watoto wakati mahindi yamepungua. Basi amkeni mapema, mkayatazame maua yenu.