Mbona Mlirudi?

Hapa ni Manibe, karibu na Arua, na hiki ni kipindi chetu cha vijana.

Leo nimeleta swali ambalo si langu. Ni swali wanaloulizwa vijana watatu wa kwetu tangu walipotoka Zanzibar kwenye tamasha la filamu. Wanaulizwa kwenye pampu ya maji, wanaulizwa sokoni, mmoja ameulizwa hata na mjomba wake kwa simu: "Mbona mlirudi?" Hawaulizwi waliona nini wala walijifunza nini. Mtu akishavuka mpaka na begi, sisi tunamhesabu kwamba amekwenda. Akirudi tunamtazama kama aliyepewa chakula akakiacha mezani.

Majina yao sitayataja hewani, wameniomba hivyo. Wawili wametoka Ituri, wa tatu ametoka Sudani Kusini. Walitengeneza filamu ya dakika tisa kwa simu moja. Ni ya kuchekesha. Mnajua jinsi tunavyopanga mawe kwenye foleni ya maji, jiwe lako likisimama mahali pako ukaenda kuwasha moto? Basi kuna papa mmoja ambaye jiwe lake linahama kila akigeuza kichwa. Akisinzia, limerudi nyuma. Akiamka, limekwenda mbele ya mama mmoja mkali. Nisiendelee, wengine hamjaiona.

Safari yenyewe ilikuwa ndefu. Basi la usiku kutoka Arua, daraja la Pakwach gizani, asubuhi Kampala. Kutoka Kampala hadi mpaka wa Mutukula, halafu Tanzania yote hiyo mpaka Dar es Salaam, miguu imevimba. Halafu feri. Dada yetu aliniambia hakuwahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Sisi hapa tumezoea Naili, na Naili ina upande wa pili.

Tamasha linaitwa ZIFF. Lilianzishwa mwaka 1997, la kwanza likafanyika mwaka 1998, na linaitwa pia Tamasha la Nchi za Jahazi, maana linakusanya kazi za watu wa Bahari ya Hindi na Afrika. Zawadi yake kubwa ni Jahazi la Dhahabu. Watu wetu hawakupata zawadi, na hilo tulipite. Filamu huonyeshwa ndani ya Ngome Kongwe, boma la mawe ambalo Waarabu wa Omani walilijenga baada ya kuwatoa Wareno, zaidi ya miaka 300 iliyopita. Hakuna paa. Unakaa kwenye ngazi za mawe, juu ni nyota, na nje kidogo, Forodhani, watu wanachoma samaki na pweza.

Sasa sikia kilichowapata. Kwenye simu filamu yao ilikuwa na sauti safi. Kwenye spika kubwa za ukumbini, upepo wa kambi ulinguruma kama lori. Dakika mbili nzima papa wa mawe anasema na mtu hasikii neno. Kijana aliyeshika simu siku ile ya kurekodi alitaka kutoroka. Wamerudi na somo hilo, na nakupa wewe bure: kinasa sauti kidogo kilichofungwa kitambaa, karibu na kinywa cha anayesema, kina faida kuliko kamera ya bei. Macho ya mtazamaji yanasamehe picha mbaya. Masikio hayasamehe.

Jambo la pili lilikuwa lugha. Sisi tumekulia kwenye vibanda vya video, ambapo VJ anatufasiria kila kitu na kuongeza chumvi yake. Kule hakuna VJ. Maneno yanaandikwa chini ya picha, na ni wewe mwenye filamu unayeyaandika. Sehemu za Kilugbara waliziandikia. Sehemu za Kiswahili waliziacha, wakisema hawa ni wenye lugha. Kumbe! Mtu wetu akisema "niko naenda kuchota", Wazanzibari wanacheka kabla hajafika kwenye kichekesho. Hawakucheka kwa ubaya. Mama mmoja alikuja baadaye kuwaambia Kiswahili chao kina ladha, wasikibadilishe. Mimi naunga mkono huyo mama.

Tumefika kwenye kiini, na hapa naomba mnisikilize vizuri.

Baada ya filamu, watengenezaji husimama mbele na watu huuliza maswali. Ukumbi ulikuwa umecheka. Dada yetu akashika maikrofoni akisubiri aulizwe juu ya mawe, juu ya yule mama mkali, juu ya upepo hata. Swali la kwanza likatoka kwa mgeni mmoja: alipoteza watu wangapi wa familia yake?

Ukumbi ukanyamaza. Aliniambia moyo ulienda mbio, na kinywa kilianza kufunguka chenyewe, kwa sababu tumezoea. Sisi tumeulizwa hilo na watu wenye fomu tangu siku ya kwanza ya kuandikishwa. Tumejifunza kwamba ukiulizwa, unajibu, ukijibu vizuri unasaidiwa. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Hilo halimo kwenye filamu hii. Filamu hii ni ya jiwe." Watu wakapiga makofi. Yule aliyeuliza akaja baadaye kumwomba radhi, wakanywa chai.

Ndugu msikilizaji, sisemi kwamba kusema maumivu ni vibaya. Yuko mtengenezaji filamu wa Kisangani, Dieudo Hamadi. Filamu yake ya mwaka 2020 inawafuata watu waliokatika viungo katika vita vya siku sita vya Kisangani, Juni 2000. Wanapanda boti, wanashuka mto hadi Kinshasa kudai fidia yao. Maumivu yamejaa mle. Lakini ni wao wanaodai, wao wanaoimba, wao wanaogombana kwenye boti mvua ikinyesha. Hakuna aliyewashikia maikrofoni walie. Tofauti ni nani anaamua. Ofisini unapoomba hifadhi lazima useme yaliyokupata, tena kwa ukweli. Jukwaani hulazimiki. Hakuna tamasha lenye haki ya kukudai kovu lako kama kiingilio.

Na hiyo inatuhusu pia tunapowapiga picha wenzetu. Mama wa foleni aliyekubali kuonekana kwenye simu yako hapa blokini, je, amekubali kuonekana Zanzibar, au Ulaya, au kwenye intaneti ambako yule aliyemkimbia anaweza kumwona? Vijana hawa walirudi kwa kila mtu kabla ya kutuma filamu, wakamwambia inakwenda wapi. Wawili walikataa. Wakakata sehemu zao. Moja ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote, na bado wanaililia.

Turudi kwenye safari, kwa sababu najua wengi mnangoja habari ya karatasi. Kadi ya mkimbizi ya Uganda inakulinda ndani ya Uganda. Si hati ya kuvukia mpaka. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wengine wanadhani basi kadi yoyote inatosha. Haitoshi. Unahitaji hati ya kusafiria ya mkimbizi, ile tunayoiita CTD. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 28, unaitaja, na Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaitaja pia. Ni ya aliyekwisha kukubaliwa kuwa mkimbizi. Anayesubiri uamuzi wa ombi lake asidanganywe na mtu wa mitaani anayesema atamtengenezea. Na ukiipata, bado ulizia viza kwenye ubalozi wa nchi unayokwenda kabla ya kulipa tiketi.

Wa nne wao hakwenda. Ndiyo, walikuwa wanne. Hati yake haikutoka kwa wakati, feri ikaondoka na yeye yuko hapa anachimba muhogo. Rafiki mmoja alikuwa amemshauri avuke aende kuchukua paspoti ya Kongo, ni haraka zaidi. Alikataa, na alifanya vizuri. Ukienda kuomba paspoti ya nchi uliyoikimbia, unaweza kuulizwa kama bado unahitaji ulinzi, na hadhi yako ya ukimbizi inaweza kuingia mashakani. Vilevile, hati ya mkimbizi si ya kurudia nchi uliyoikimbia, hata kama mwaliko ni wa tamasha zuri la Goma.

Lakini filamu yake ilikwenda. Jina lake lilipita ukutani Ngome Kongwe kwa herufi kubwa, wenzake wakampigia picha wakamtumia. Hata wakubwa yamewapata. Ile filamu ya Hamadi ilichaguliwa na tamasha la Cannes, Ufaransa, na mwaka ule wa korona tamasha halikukutana kama kawaida. Watu waliijua hata hivyo.

Basi, mbona walirudi? Niliwauliza na mimi, siku moja tukila mihogo. Wa kwanza alisema mama yake yuko hapa. Wa pili alisema hati ya CTD ndani yake ina ahadi: Uganda ikupokee ukirudi maadamu haijaisha muda. Ukibaki mpaka iishe, umejifungia mlango mwenyewe. Na dada yetu alisema: "Nilialikwa kuonyesha filamu. Nilionyesha." Mimi sitamhukumu mtu aliyebaki ng'ambo kwa sababu maisha yake yalikuwa hatarini hapa, kuomba hifadhi ni haki. Ila anayebaki kwa tamaa tu, ajue kuna kijana nyuma yake ambaye ombi lake la viza litasomwa kwa jicho lingine.

Tena tamasha si lazima liwe mbali. Kambi ya Dzaleka, Malawi, zamani ilikuwa gereza. Mwaka 2014 Mkongomani mmoja mkimbizi, mshairi Menes La Plume, alianzisha pale Tamasha la Tumaini. Wageni wanaingia kambini kutazama muziki, ngoma na michezo ya kuigiza, na wengine wanalala nyumbani kwa wakimbizi, wanakula wanachokula wenyeji. Huko mkimbizi ndiye mwenye nyumba, na mgeni ndiye anayeuliza choo kiko wapi. Nikiwaza kibanda cha video cha hapa kwetu na shuka jeupe ukutani, sioni kwa nini tusianze na jioni moja.

Mwenye mwaliko wa tamasha lolote, anza mapema, miezi kadhaa kabla. Nenda kwenye ofisi ya OPM ya makazi yako na kadi yako na barua ya mwaliko. Barua iseme wazi nani analipa usafiri, nani analipa malazi na tarehe ya kurudi. Kama haisemi, andika uulize, na ujibiwe kwa maandishi. Akitokea mtu akakuomba hongo, peleka habari kwenye dawati la ulinzi au kwa mwenyekiti wa bloki.

Wiki ijayo yule aliyebaki atakuja studioni mwenyewe. Sasa anaandika filamu ya pili, na anatafuta papa mwenye sauti nzito, asiyeogopa mbuzi.