Liwali wa miaka 12: maneno kwa vijana wa Butembo na Beni



Mulituomba tuzungumze juu ya siasa ya jimbo letu. Tumechagua kufuata njia ya mtu mmoja, Julien Paluku Kahongya. Hatukuja kumutukana wala kumusifu. Wenye kufanya kazi hizo mbili wako wengi, na wengine wanalipwa. Tumemuchagua yeye kwa sababu kazi yake na maisha yetu vimekwenda pamoja. Alipochaguliwa kuwa liwali wa Kivu Kaskazini, mwezi wa kwanza 2007, wengi kati yetu tulikuwa tunaanza shule ya msingi. Nafasi yake ilipopata mtu mwingine aliyechaguliwa, mwaka 2019, tulikuwa tumemaliza sekondari ao tuko karibu kumaliza.

Tuanzie mbali kidogo. Wakati wa vita jimbo hili lilikuwa vipande viwili. Goma ilikuwa chini ya RCD-Goma. Huku kwetu Beni na Lubero tulikuwa chini ya RCD-K/ML ya Mbusa Nyamwisi. Paluku alipandia ndani ya hiyo ya Mbusa, akawa meya wa Beni. Kisha ukaja uchaguzi wa 2006, tukapata wabunge wa jimbo, na hao wabunge ndio walimuchagua kushika nafasi ya Eugène Serufuli. Mutoto wa Grand Nord kuingia ofisi ya Goma baada ya miaka yote ile ya kugawanyika: tunaelewa kwa nini wazazi wetu walifurahi. Nasi tungefurahi.

Sasa tusome katiba, artikle 198. Liwali anachaguliwa na wabunge wa jimbo, kwa manda ya miaka 5, inayoweza kurudiwa mara moja tu. Hesabu si ngumu, hata kwa sisi tuliosoma droit na si mathématiques: 2007 kuongeza 5 ni 2012. Mwaka 2012 ulifika, ukapita. Uchaguzi wa wabunge wa jimbo haukufanyika. Wabunge waliochaguliwa 2006 walibaki kwenye viti vyao, na liwali waliyemuchagua akabaki kwenye chake, mpaka kura za mwisho wa 2018. Miaka 12 juu ya manda ya miaka 5. Kosa hilo halikuwa lake peke yake. Uchaguzi unapangwa Kinshasa, na majimbo mengine yalikwama vilevile. Lakini hatukumbuki tuliwahi kumusikia akisimama na kusema: wandugu, manda yangu imeisha, nipeni mutu wa kunihukumu kwa kura.

Na miaka hiyo ya ziada haikuwa miaka ya bure. Tarehe 20 novemba 2012 M23 iliingia Goma. Tarehe 2 januari 2014 kolonel Mamadou Ndala aliuawa karibu na Beni, na muji wote ukalia. Oktoba ya mwaka ule ule mauaji yalianza Beni na pembeni yake: Ngadi, Eringeti, halafu Rwangoma mwezi wa nane 2016. Agosti 2018 Ebola ikatangazwa Mangina. Hapa hakuna mutu ambaye hakuzika.

Watu wanatuambia: liwali hana jeshi, munamuonea bure. Ni kweli, jeshi linaamriwa na Kinshasa. Ni kweli pia kwamba ile 40 % ya mapato ya taifa, ambayo artikle 175 inasema jimbo liibakishe kwenye chanzo, haijawahi kubakishwa namna katiba inavyotaka. Liwali wa Kongo anapewa kiti kikubwa na funguo kidogo. Na tangu katiba ilipoguswa januari 2011, raisi anaweza hata kumutoa liwali kukiwa na mugogoro mukubwa wa kisiasa. Haya yote tunayakubali. Lakini turudi kwenye mwaka 2011. Mbusa alipoamua kusimama dhidi ya Kabila, Paluku alimuacha mukubwa wake wa zamani, akabaki upande wa Kabila. Baadaye akaunda chama chake, BUREC, akawa ndani ya FCC. Ni haki yake. Ila mutu aliyechagua kukaa meza moja na mwenye jeshi hawezi kutuambia kwamba hakuwa na pa kupeleka kilio cha Beni.

Tuseme jambo moja juu ya kura zile za 2018, kwa sababu wadogo zetu hawajui. Siku chache mbele ya tarehe 30 desemba, CENI ilisema Beni na Butembo watapiga kura mwezi wa tatu 2019, juu ya Ebola na usalama. Raisi aliapishwa januari. Vijana wa Beni wakapanga uchaguzi wao wenyewe siku ile ya 30, watu wakanawa mikono, wakapanga mustari. Sisi tunauona ule kuwa uchaguzi safi kuliko ingine yote, ijapokuwa hakuna aliyeuhesabu.

Paluku hakukaa nje kwa muda mrefu. Mwaka 2019 akawa waziri wa viwanda. FCC ilipovunjika na Kabila kubaki peke yake, yeye alivukia Union sacrée ya Tshisekedi, akabaki waziri. Wizara yake ilibeba muradi wa betri pamoja na Zambia, uliosainiwa Lusaka 2022. Tangu 2024 yuko kwenye biashara ya inje. Muangalie kitu hiki vizuri: mutoto wa kwetu alikuwa viwanda karibu miaka 5, na kakao ya Beni iliendelea kupita Kasindi ndani ya mifuko, mbichi, kwenda Uganda. Kiwanda kidogo cha chokoleti tunachokijua kiko Mutwanga, na kimetokana na hifadhi ya Virunga. Sasa mupaka wa Kasindi uko moja kwa moja ndani ya kazi yake. Swali letu kwake ni hilo, na halihusu betri.

Na nyuma yake je? Carly Nzanzu Kasivita alichaguliwa 2019, hakumaliza manda yake. Tarehe 6 mei 2021 état de siège ilianza. Katiba inasema siku 30, kisha bunge linaweza kuongeza siku 15, na tena 15. Hizo 15 zimeongezwa mara nyingi mpaka hatuhesabu tena. Constant Ndima, kisha Peter Cirimwami aliyekufa vitani januari 2025, kisha Evariste Somo Kakule, ambaye ofisi yake sasa iko Beni kwa sababu Goma imeanguka. Desemba 2023 tulipiga kura ya wabunge wa jimbo. Majimbo mengine wabunge wao walichagua maliwali 2024. Wetu, hapana.

Kwa hiyo mutu wa umri wetu, Butembo ao Beni, amemujua liwali mumoja asiyemaliza manda, mumoja asiyeianza vizuri, na majenerali watatu.

Tumeweka cahier pale kwenye meza, karibu na mulango. Mwenye kukumbuka ahadi ya kiongozi yeyote, wa zamani ao wa leo, aandike: nani, wapi, mwaka gani, alisema nini. Mwenye picha ya bango ao karatasi ya kampeni atuletee tuikopie. Tutaanza na Beni, Butembo na Lubero. Mama wa soko la kakao, tunaomba ninyi muwe wa kwanza.